Kaunti inatunga sheria kweli ama ni zile bailo za kanso zimebadilishwa jina?

mama_maembe ameuliza:

Wandugu habari zenu. Nina swali, naomba mtu anayeelewa mambo ya sheria anijibu kwa Kiswahili cha kawaida, maana nimechoka kuambiwa "ni sheria ya kaunti mama, lipa" na hakuna hata siku moja mtu amenionyesha hiyo sheria yenyewe.

Mimi nanunua maembe na madafu mashambani huku kwetu pwani, nakodi pikapu napeleka soko la kaunti ya jirani, mara mbili kwa wiki, msimu ukikolea mara tatu. Nikitoka kwetu nalipa ushuru wa mazao, ule watu wanaita sesi, napewa karisiti kadogo, sawa, sina neno. Nikivuka mpaka kuna kamba imefungwa kwa mti upande huu na upande ule kijana ameishika, amekaa kwa kiti cha plastiki, nalipa tena. Nikifika sokoni nalipa ya kushusha mzigo. Juzi Jumanne nikamwonyesha yule wa kamba risiti ya kwetu, akaitazama, akanirudishia, akasema "hiyo ni ya huko kwenu, hapa tuna bunge letu na sheria yetu". Basi tumebishana pale karibu saa nzima, jua la saa sita, maembe yako chini ya turubai yanapata joto, na dalali anapiga simu niko wapi. Mwisho nikalipa. Nilipofika sokoni tenga mbili za maembe ya ngowe zilikuwa zimelainika, nimeziuza kwa bei ya kutupa.

Sasa nimerudi nyumbani lile neno lake haliniishi kichwani, "tuna bunge letu na sheria yetu". Ni kweli? Yaani kaunti inaweza kukaa ikatunga sheria kabisa kama Bunge la Nairobi linavyotunga? Nani aliwapa hiyo nguvu na inaishia wapi? Na kama kaunti zote 47 kila moja ina sheria zake si sisi wa barabarani tumekwisha? Mume wangu anasema hizo ni bailo tu, zile sheria ndogo za kanso (halmashauri) za zamani. Nataka kujua vizuri ili siku nyingine nikifika pale kwa kamba nijue nasema nini.

karani_wa_miswada:

Dada pole sana na hasara, maembe hayangoji mtu. Mimi nimefanya kazi bunge la kaunti miaka kadhaa (si kaunti za huko kwenu), kazi yangu ilikuwa miswada tu kutwa kucha, kuisoma, kuipanga, kuikimbiza kwa kamati, kwa hivyo hili naweza kukujibu na nitajibu kwa urefu maana umeuliza maswali matatu ndani ya moja.

Mumeo anasema kweli kuhusu zamani. Kanso zilikuwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura 265. Kanso ilikuwa inatunga bailo lakini bila waziri wa serikali za mitaa kuidhinisha ile bailo ilikuwa karatasi tu. Na hiyo nguvu yenyewe kanso ilipewa na Bunge kwa sheria ya kawaida, yaani Bunge lingeamka siku moja likaipunguza ama likaiondoa kabisa na kanso haina pa kwenda kulalamika. Ile Sura 265 ilikufa na uchaguzi wa 4 Machi 2013, kanso nazo zikafa nayo.

Kilichokuja baada yake ni kitu kingine. Fungua Katiba ya 2010, kifungu cha 1 kabisa, ukurasa wa mwanzo: mamlaka yote ni ya wananchi, na wananchi wanayakabidhi kwa Bunge NA kwa mabunge ya kaunti, wametajwa pamoja pale. Halafu nenda 185, inasema mamlaka ya kutunga sheria ya kaunti yako mikononi mwa bunge la kaunti, na linaweza kutunga sheria yoyote inayohitajika ili kaunti ifanye kazi zake. Kwa hivyo MCA, yaani wajumbe wa bunge la kaunti, wakipitisha mswada na gavana akatia sahihi, hakuna waziri wa Nairobi wa kuuidhinisha. Ni sheria. Yule kijana wa kamba kwa hilo hakukudanganya.

Lakini ona yale maneno "kazi zake". Kazi gani? Hapo unaenda nyuma kabisa ya Katiba, Jedwali la Nne. Limegawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kazi za serikali ya taifa, mambo 35, jeshi, polisi, mahakama, mambo ya nje, sarafu na kadhalika. Sehemu ya pili ni za kaunti, mambo 14, kilimo, afya ya kaunti, masoko na leseni za biashara, barabara za kaunti na maegesho, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, mipango ya ardhi, zimamoto, leseni za pombe (hata mangwe, vile vilabu vya mnazi, vimo humo), kelele na uchafu, mbwa wanaozurura, mambo ya namna hiyo. Kaunti inatunga sheria ndani ya hiyo orodha. Kitu ambacho hakikupewa kaunti ni cha taifa, kifungu cha 186 kimesema hivyo wazi. Ndo maana kaunti ina sheria lakini haina korti yake wala polisi wake. Kanjo, yaani askari wa kaunti, akikushika anakupeleka korti ile ile ya Jamhuri.

Sasa kwako. Kupewa kazi ya kilimo na masoko hakumaanishi kupewa nguvu ya kutoza kodi yoyote unayotaka. Hizo ni nguvu mbili tofauti na hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa, hata MCA wengine. Kodi iko kifungu cha 209. Kaunti inaweza kutoza kodi ya mali (zile reti za ploti), kodi ya burudani, na kodi nyingine yoyote ikiwa tu imeruhusiwa na sheria ya Bunge. Mbali na hizo kaunti inaweza kutoza ada ya huduma inayotoa. Basi. Kwa hivyo swali la kumuuliza mtu wa kamba ni moja: hii pesa ni kodi ama ni ada ya huduma? Kama ni kodi, sheria gani ya Bunge imewaruhusu? Kama ni ada, huduma gani nimepata hapa kwa kamba? Sokoni umepata nafasi ya kushusha mzigo, kuna choo, kuna mtu anafagia, hiyo naielewa. Kwa kamba umepata nini?

Na kuna kijifungu kingine, 209(5), hicho ningekuwa wewe ningekiandika kwa kadi ya katoni nikakiweka kwa dashibodi ya pikapu. Kinasema nguvu ya kaunti ya kutoza pesa isitumike kwa njia itakayodhuru sera za uchumi wa nchi, ama shughuli za uchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, ama usafirishaji wa bidhaa ndani ya nchi. Maembe yako yanavuka mpaka wa kaunti. Walioandika Katiba waliwaza mtu kama wewe.

dereva_njia_ndefu:

Karani umesema vizuri lakini hayo ni ya vitabu. Mimi niko barabarani miaka mingi na lori, kila kaunti ina kamba yake. Ukianza kumsomea yule kijana kifungu cha 209 anakwambia paki pembeni tukuandikie. Yule hajasoma, ametumwa akusanye, jioni anahesabiwa.

Na pia hebu tusidanganyane, hii serikali ya kaunti ina nguvu kwa jina tu. Hicho hicho kifungu cha 186 mwishoni kinasema Bunge linaweza kutunga sheria kuhusu jambo lolote kwa Jamhuri nzima. Jambo LOLOTE. Kwa hivyo hata kilimo, hata masoko. Bunge la Nairobi likitaka linaandika sheria juu ya sheria ya kaunti na ya kaunti inakufa. Sasa hapo nguvu iko wapi?

karani_wa_miswada:

Kaka hapo kwa "inakufa" ndo nakataa, na nitakwambia kwa nini maana hili nimeliona mezani kwangu.

Ni kweli 186(4) inasema Bunge linaweza kutunga sheria juu ya jambo lolote. Lakini sheria ya Bunge na sheria ya kaunti zikigongana unaenda 191, na 191 haisemi taifa linashinda kila mara. Inasema sheria ya taifa inashinda kama inatumika sawasawa nchi nzima NA inatimiza masharti fulani, kwa mfano jambo lenyewe haliwezi kusimamiwa vizuri na kaunti moja moja, ama linataka viwango vinavyofanana nchi nzima, ama ni la lazima kwa usalama wa nchi, umoja wa kiuchumi, kulinda soko la pamoja, usafirishaji wa bidhaa, mazingira. Pia inashinda kama imelenga kuzuia kaunti isifanye jambo lisilofaa linalodhuru kaunti nyingine ama nchi. Kama masharti hayo hayakutimizwa, sheria ya kaunti ndo inashinda. Imeandikwa hivyo, sheria ya MCA wa wodi inaweza kuishinda sheria ya wabunge.

Na hata ikishindwa haifi. 191(6) inasema ile iliyoshindwa inakosa nguvu kwa kile kipande tu kinachogongana, mengine yote yanabaki. Na kabla ya kufika huko korti imeambiwa kwanza itafute tafsiri itakayofanya sheria zote mbili zikae pamoja. Serikali hizi mbili zinatakiwa zishauriane na kushirikiana, hiyo iko kifungu cha 6.

Kuhusu yule kijana wa kamba nakubaliana na wewe kabisa, yeye hana kosa, ametumwa. Ndo maana mahali pa kupeleka hii hoja ni kwa bunge la kaunti lenyewe.

mzee_wa_makuti:

Vijana nimesoma mazungumzo yenu nimefurahi, ngoja na mimi niongeze langu maana haya mambo si mageni huku pwani.

1963 nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka neno MAJIMBO lilivyokuwa midomoni mwa watu wazima, barazani, msikitini, kwenye dau. Katiba ile tuliyopata uhuru nayo ilikuwa na mikoa 7 na kila mkoa una bunge lake, na hapa Pwani rais wa bunge la mkoa alikuwa Ronald Ngala. Yale mabunge yalikuwa na nguvu ya kutunga sheria kwa mambo yao, yaliandikwa kwa Katiba kabisa. Baba yangu alikuwa mkata makuti, hakujua kusoma, lakini alikuwa anajua kwamba mambo ya ardhi sasa yataamuliwa hapa karibu.

Kilichotokea nyote mnajua ama hamjaambiwa. Pesa hazikuja. Nairobi ndo iliyokuwa imeshika mfuko na mikoa ikakaa na sheria mkononi bila shilingi ya kuendesha ofisi. Novemba 1964 KADU, chama cha Ngala kilichotaka majimbo, ikajivunja ikajiunga na KANU, chama kilichokuwa kinatawala, tarehe 12 Disemba nchi ikawa Jamhuri, na zile nguvu za mikoa zikafutwa bungeni kwa marekebisho ya Katiba. 1966 Seneti nayo ikaondolewa. Hakuna mtu aliyekuja kijijini kwetu kutuuliza. Hakuna kura ya maoni. Mwaka mmoja tu ile kitu tuliyopewa ikaondoka, na baba yangu hakuisema tena mpaka alipokufa.

Ndo maana mimi nikisikia mtu anasema kaunti ni nguvu ya jina tu roho inaniuma kidogo. Mwanangu dereva, nguvu ya jina tu tuliiona sisi. Sasa hivi hata kama hizi kaunti zinatuudhi na kamba zao, kuna kifungu cha 203 kimesema kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya nchi kila mwaka, na kuna kifungu cha 255, mimi hicho nilimwambia mjukuu wangu anisomee mara mbili. Kinasema mtu akitaka kubadilisha mpango wa serikali za ugatuzi ni lazima iende kwa wananchi, kura ya maoni, na angalau asilimia 20 ya wapiga kura wajitokeze katika nusu ya kaunti. Hawawezi kukaa bungeni usiku mmoja wakaifuta kama 1964.

Mama maembe pole mwanangu. Dai haki yako, lakini usichoke na kaunti.

BinSeif_Unguja:

Shikamoo mzee. Umenigusa.

Mimi niko Unguja na nimefuatilia hii mada kwa sababu sisi hili jambo tunaishi nalo tangu 1964, ingawa kwetu si ugatuzi, naomba hilo lieleweke, Zanzibar ilikuwa nchi ikaungana na Tanganyika, haikumegewa madaraka kutoka juu. Lakini swali la dada, nani anatunga sheria gani na mpaka uko wapi, ni hilo hilo.

Sisi tuna Baraza la Wawakilishi na linatunga sheria kamili, Rais wa Zanzibar anatia saini, basi. Mpaka wake ni orodha ya mambo ya Muungano, yalianza 11 kwenye Hati za Muungano na sasa ni 22. Baraza likitunga sheria kwenye jambo la Muungano sheria hiyo ni batili, iko ibara ya 64 ya Katiba ya Muungano. Na upande wa pili Katiba ya Zanzibar ya 1984 ibara ya 132 inasema sheria ya Bunge la Muungano haitumiki Zanzibar mpaka iwe ni ya mambo ya Muungano na ipelekwe mbele ya Baraza na waziri anayehusika. Kwa hiyo tuna mlango pande zote mbili.

Sasa mfano wa Bunge kuliachia Baraza nafasi ya kutunga sheria ni mafuta na gesi. Mafuta yamo kwenye orodha ya Muungano tangu 1968, watu huku wakalalamika miaka na miaka. Ilipotungwa Sheria ya Petroli ya 2015 Bunge likaweka humo kwamba mafuta ya Zanzibar yasimamiwe na taasisi za Zanzibar kwa sheria za Zanzibar, na 2016 Baraza likapitisha sheria yake ya utafutaji na uchimbaji. Lakini orodha kwenye Katiba haikuguswa, na mimi kwa maoni yangu hapo ndipo penye hatari. Ulichopewa na sheria ya kawaida kinaweza kuchukuliwa na sheria ya kawaida, kama karani alivyosema kuhusu zile kanso. Sisi tunataka kiandikwe kwenye Katiba kama nyinyi Wakenya mlivyoandika mambo yenu 14.

Kule Bara halmashauri wana sheria ndogo, hizo ndizo zinazofanana na zile bailo za mume wa dada. Zinatungwa chini ya sheria za serikali za mitaa za 1982 na lazima waziri aziidhinishe.

Kadzo_Glasgow:

Mambo wandugu, mimi ni mtu wa pwani lakini niko Scotland miaka kumi sasa, nafanya kazi dukani. Nimeona Bin Seif anasema ulichopewa na sheria ya kawaida kinaweza kuchukuliwa, na hapa niliko ndo hivyo kabisa, nieleze kidogo.

Bunge la Scotland lilitokana na sheria moja ya Bunge la Uingereza, ya 1998, baada ya watu kupiga kura ya maoni 1997. Sheria hiyo haikuandika Scotland ifanye nini. Iliandika mambo yaliyobaki London, ulinzi, mambo ya nje, uhamiaji na mengine, na kila kisichoandikwa pale ni cha Scotland. Yaani kinyume na Kenya! Kwetu kisichotajwa ni cha taifa, hapa kisichotajwa ni cha Scotland. Hicho kitu kimoja kinabadilisha mengi, jambo jipya likizuka ambalo hakuna aliyeliwaza linaangukia Scotland.

Nikiwa dukani naiona hiyo nguvu kwa macho. Pombe hapa ina bei ya chini iliyowekwa na sheria ya Scotland, ilianza 1 Mei 2018, huwezi kuuza chini yake, na ukivuka mpaka ukaingia England hiyo sheria haipo. Watengenezaji wa wiski waliipinga kortini mpaka mahakama ya juu ya Uingereza na 2017 wakashindwa, kwa hivyo si mchezo, ni sheria kweli kweli.

Lakini kifungu cha 28 cha hiyo hiyo sheria ya 1998 kinasema nguvu ya Bunge la London kutunga sheria kwa Scotland haikuguswa. Kuna desturi kwamba kwa kawaida hawataingilia bila ridhaa ya Bunge la Scotland, na 2016 wakaiandika kwa sheria, lakini mahakama ya juu ikasema 2017 kwamba korti haiwezi kuwalazimisha kuifuata. Na kuna kifungu cha 35 kinachompa waziri wa London nguvu ya kuzuia mswada wa Scotland usipate sahihi, kikakaa bila kutumika zaidi ya miaka 20 halafu Januari 2023 kikatumika. Niliona wateja wangu wanabishana siku hiyo kwenye foleni, wengine wanafurahi wengine wanalia. Mzee, nilikumbuka babu yangu na majimbo yake.

Kwa hivyo mama maembe, hiyo nguvu ya kaunti kuwa ndani ya Katiba ni kitu kikubwa sana, hata kama leo umeiona kwa upande wa kamba.

mama_maembe:

Jamani nimesoma kila kitu, nimesomea na mume wangu kwa sauti, asanteni. Mzee shikamoo, nimekusikia.

Nimerudi kuangalia zile risiti zangu, nina mfuko mzima. Ya kwetu imeandikwa jina la sheria ya fedha ya kaunti na mwaka wake. Ile ya kamba imeandikwa tu "mazao" na namba na kiasi, hakuna sheria, hakuna mwaka. Nyingine muhuri umefifia mpaka hata jina la kaunti halisomeki.

Karani nina maswali mawili. Hiyo sheria yao nitaipata wapi niione kwa macho? Na pili, yule kijana alisema tuna bunge letu, mbona sisi wafanyabiashara tunaoingia kila wiki hatukuulizwa wakati wanatunga? Nimeuliza wenzangu saba pale sokoni, hakuna aliyesikia mkutano wowote.

karani_wa_miswada:

Dada hayo ni maswali mazuri kuliko ya mwanzo.

La kwanza. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa isipokuwa kwa sheria, na 199 inasema sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe kwa gazeti rasmi la serikali. Kwa kawaida safari yake ni hivi: mswada unaletwa na MCA ama kamati, unasomwa mara ya kwanza, unaenda kwa kamati, kamati inatafuta maoni ya watu, unasomwa mara ya pili, unajadiliwa kipengele kwa kipengele, mara ya tatu, unapigiwa kura, spika anaupeleka kwa gavana na gavana ana siku 14 atie sahihi ama aurudishe na sababu zake. Halafu gazeti. Kwa hivyo nenda ofisi ya karani wa bunge la kaunti hiyo, omba sheria ya fedha ya mwaka huu pamoja na jedwali lake la ada, lile jedwali ndo muhimu, lina safu za mazao na kiasi, tenga, gunia, pikapu. Angalia kama maembe yamo na kiasi ni kile ulicholipa. Ni hati ya umma hiyo, usiogope kuiomba. Utakuta iko kwa Kiingereza, na hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu kifungu cha 7 kinasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, na sisi ofisini tulikuwa tunaona miswada inayowahusu wauza samaki inaandikwa kwa lugha ambayo muuza samaki haisomi.

La pili, kuulizwa. Kifungu cha 196 kinaliambia bunge la kaunti lishirikishe watu katika kutunga sheria, si hisani. Aprili 2014 Mahakama Kuu, Jaji Odunga, ilifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 nzima kwa sababu watu hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji akasema kaunti zitumie kila njia, makanisa, misikiti, mahekalu, baraza za wananchi, redio za taifa na za lugha za mama, watu wajue kuna mswada. Ile hukumu ilipotoka ofisini kwetu tulisimamisha kazi tukaisoma, na baada ya hapo kila mswada wa fedha ukaja na faili la picha na sahihi za waliohudhuria. Wakati mwingine zile sahihi zilikuwa za watu wale wale 30 kila mkutano, nalisema hilo kwa sababu ni kweli. Kwa hivyo omba pia ripoti ya kamati, uone mikutano ilifanyika wapi.

Halafu kuna njia ambayo watu hawaitumii. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, kuomba sheria itungwe, ibadilishwe ama ifutwe. Hauhitaji wakili. Andika kwa Kiswahili: jina, unafanya biashara gani, risiti hizi hapa, kifungu cha 209(5) kinasema hivi, tunaomba bunge liondoe ushuru wa mpakani kwa mazao yaliyokwisha kulipiwa kaunti ya kwanza. Watu wakiwa wengi ni bora zaidi.

dereva_njia_ndefu:

Mzee nisamehe kama nilisema vibaya, ya 1964 sikuyajua hivyo. Mama, risiti zangu za miezi minne zote ninazo kwa lori. Nikipita huko nakuachia nakala.

mama_maembe:

Kaka nashukuru sana, zilete.

Leo asubuhi nimeenda ofisi ya bunge ya ile kaunti. Nimekaa kwa benchi tangu saa mbili, saa tano na nusu ndo dada mmoja akanitolea sheria ya fedha, nikapiga picha kurasa za jedwali kwa simu. Maembe yamo, yameandikwa kwa tenga, lakini chini ya kichwa cha ada za soko, sehemu ya kushusha mzigo sokoni. Ya kamba sijaiona popote kwa zile kurasa, nimezipitia mara tatu, jioni mwanangu wa kidato cha tatu atazisoma tena asije akawa mimi ndo sielewi Kiingereza chao.

Ripoti ya kamati wameniambia nirudi wiki ijayo.

Ombi tumeanza kuliandika kwa daftari, tuko kumi na mmoja mpaka sasa, wauza maembe, madafu, na kina mama wawili wa mihogo. Tunakutana Alhamisi saa kumi nyuma ya soko pale kwa mwembe mkubwa. Karani, ukiweza kulisoma kabla hatujalipeleka nitakuandikia hapa hapa neno kwa neno.